Speli ile ile, bei nyingine: uchawi usio wa vita katika matoleo ya Dungeons & Dragons

Swali:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimulia mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza visa mezani kwa dadu) kwa marafiki wanne, tunatumia toleo la 5. Mjomba alinipa kisa cha zamani cha Advanced Dungeons & Dragons pamoja na vitabu vya toleo la 4, nami nikaamua kukichezesha kisa hicho kwa wahusika wetu wa ngazi ya 5. Sasa mchawi wetu anamaliza kila kitu. Anasoma maandishi yote, anatambua kila pete, anafungua kila mlango kwa tambiko bila kulipa chochote, na usiku anajenga kibanda kisichoingilika, wanalala usingizi wa pono. Rafiki yetu anayecheza mwizi ameanza kushika simu mezani. Nimeambiwa toleo la 4 lilishalitatua tatizo hili, na kwamba matoleo ya kale yalikuwa makali zaidi. Nihame toleo? Nifute speli hizo? Mbele yao kuna mlango wa chuma wenye kufuli, komeo kwa ndani, na kufuli la kichawi juu yake, na najua ataumaliza kwa neno moja."

Jibu:

Ndugu yangu, nikikusoma vizuri, uchawi wenyewe hukukeri. Kinachokukera ni kwamba vikwazo vya kisa vimegeuka mapambo, na mwenzenu mmoja amegeuka mtazamaji. Yote mawili yanatibika bila kufuta speli hata moja wala kununua toleo jingine. Ila kuna kosa limeingia mezani kwenu, na afadhali tuanze nalo maana huenda likaondoa nusu ya shida.

Knock, ile speli ya kufungua milango, si tambiko katika toleo la 5. Haikuwa tambiko katika kitabu cha 2014, na haikufanywa tambiko katika marekebisho ya 2024. Ni speli ya daraja la 2, na kila inapotamkwa inakula nafasi (moja ya mafungu machache ya kutamka speli aliyo nayo mchawi kwa siku) ya daraja la 2 au ya juu zaidi. Toleo ambalo Knock ilikuwa tambiko ni la 4, yaani vitabu vile vile alivyokupa mjomba. Nashuku mchawi wenu aliikuta huko, akaona imeandikwa tambiko, akaibeba hadi kwenye toleo la 5 ambako tambiko halili nafasi. Amechukua bidhaa duka moja, akalipa kwa bei ya duka la pili. Huko ilikotoka, Knock ilidai dakika 10, viambato vya sarafu 35 za dhahabu, na akiba moja ya uponyaji, ile akiba ambayo mhusika huitegemea kujirudishia uhai siku nzima. Kwenu amelipa sifuri.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Vitabu vya Kiingereza vinatumia neno moja kwa ukubwa wa mhusika na ukubwa wa speli, na wageni wengi hukwama hapo. Mimi nitasema ngazi kwa mhusika na daraja kwa speli: mchawi wa ngazi ya 5 anafikia speli za daraja la 3. Na "mchawi" hapa ni msomi mwenye kitabu chake. Kwa Kiswahili cha nyumbani, mambo haya ya kutambua, kutabiri, kulinda mahali pa kulala na kuzungumza na wafu tungeyaita uganga. Uchawi tungeuachia wale wa mipira ya moto.

Sasa tazama jinsi speli hizi zilivyosafiri. Tangu mchezo ulipochapwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, orodha ya speli za nje ya vita haijabadilika sana. Knock imekuwapo, kuwasha nuru kumekuwapo, kuelewa lugha ngeni kumekuwapo. Kilichobadilika kila toleo ni malipo: unalipa kwa kumbukumbu, kwa dhahabu, kwa muda, kwa kelele, au kwa mwili wako. Kisa chako cha zamani kiliandikwa na mtu aliyejua bei ya wakati wake. Milango, laana na maandishi aliyoyaweka humo yalikuwa na thamani kwa bei hiyo.

Katika Advanced Dungeons & Dragons, toleo la kwanza na la pili, malipo makubwa yalikuwa kumbukumbu. Gygax aliuchukua mtindo huu kwenye hadithi za mwandishi Jack Vance: mchawi anaikariri speli asubuhi, akiitamka inafutika kichwani. Akitaka kufungua milango miwili lazima aikariri Knock mara mbili. Mchawi wa ngazi ya 5 alikuwa na speli nne za daraja la 1, mbili za daraja la 2, na moja ya daraja la 3. Basi. Katika toleo la pili kukariri kulichukua dakika 10 kwa kila daraja la kila speli, hivyo kujaza kichwa chote hicho kulimchukua dakika 110 baada ya usingizi. Kukariri Knock kulikuwa kamari: pengine mlango hautakuwapo, na ile nafasi ungeweza kuiwekea speli ya kukuokoa. Ndiyo maana mwandishi wa kisa chako hakuwa na wasiwasi. Alijua wachawi wengi wataingia pangoni bila Knock kabisa, na mwizi atahitajika, ingawa mwizi wa ngazi ya kwanza katika toleo la kwanza alikuwa na asilimia 25 tu ya kufungua kufuli, na akikosa hakuruhusiwa kulijaribu tena hadi apande ngazi.

Utambuzi wa vitu ulikuwa na bei ya kutisha zaidi. Katika toleo la pili, Identify ilitaka lulu ya sarafu 100 na unyoya wa bundi uliolowekwa kwenye mvinyo, na mchawi anywe mchanganyiko huo. Nafasi ya kufaulu ilikuwa asilimia 10 kwa kila ngazi yake, mwisho 90. Akimaliza, alipoteza pointi 8 za siha yake, akawa anazirudisha moja kwa kila saa ya kupumzika. Aliyekuwa na siha ndogo alizimia pale pale. Mtu hakuitambua kila pete aliyoiokota. Alichagua ipi inastahili lulu na siku nzima ya kujilaza.

Toleo la 3 la mwaka 2000, na lile la 3.5 la 2003, halikugusa kukariri lakini likafungua mlango wa nyuma: hati. Kila mchawi wa ngazi ya kwanza alijua kuandika hati za speli, na bei yake ilikuwa hesabu ya wazi, sarafu 25 mara daraja la speli mara ngazi ya mwandishi. Hati ya Knock ilikuwa sarafu 150 sokoni. Akiandika mwenyewe ni nusu ya hizo pamoja na pointi 6 za uzoefu wake. Hati ya kuelewa lugha ilikuwa sarafu 25. Kwa hiyo speli za vita zilikaa kichwani, za matumizi zikakaa kwenye mkoba. Kulikuwa na ujanja mwingine ambao wengi hawakuusoma vizuri: mchawi aliweza kuacha nafasi wazi asubuhi, kisha mchana akihitaji kitu, akae na kitabu chake dakika 15 na kuijaza. Ni kanuni nzuri kuliko sifa iliyopewa. Ubaya wa mfumo mzima ulionekana kwenye ngazi za juu, pale sarafu 150 zinapokuwa chenji na mchawi anatembea na mkoba wenye jibu la kila swali. Kama umesikia wazee wa mchezo wakilalamika kwamba mwizi alikufa zamani, wanalalamikia mkoba huo.

Hapo ndipo toleo la 4, la mwaka 2008, lilipokata kamba. Liliondoa karibu kila speli ya nje ya vita kwenye orodha ya kawaida, likaziweka katika sura yake, matambiko. Huhitaji kuwa mchawi. Mpiganaji mwenye kipaji cha matambiko na ujuzi unaohusika anaweza. Tambiko lina ngazi yake, muda wake, gharama ya viambato kila unapolifanya, na bei ya kulinunua liingie kitabuni. Tambiko la kuelewa lugha lilichukua dakika 10 na viambato vya sarafu 10. Wenzako wanne waliweza kukusaidia. Kumrudisha aliyekufa kulichukua saa 8 na sarafu 500, na bei ikapanda mara kumi kumi kwa wahusika wa ngazi za juu.

Uliyoambiwa kwamba toleo hilo "lilishalitatua" ni nusu ya kweli. Wazo ni zuri, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko lolote lililotangulia: mwizi wako anaweza kushindana na tambiko linalochukua dakika 10 na pesa. Kilicholiangusha ni mfuko. Katika toleo la 4 mhusika alianza na sarafu 100, na silaha ndogo kabisa ya kichawi ilikuwa sarafu 360. Dhahabu ndiyo ilikuwa njia ya kupata vifaa, na hesabu za vita zilitarajia uwe navyo. Kwa hiyo kila mchezaji aliyefikiria kufanya tambiko aliona upanga wake ukimegwa kipande. Meza nyingi zilikuwa na vitabu vya matambiko vilivyojaa na visivyofunguliwa. Ukihamia huko utamkuta mchawi asiyetumia chochote, na vita vyenye mtindo tofauti kabisa ambavyo hukuviulizia. Sikushauri kuhama kwa ajili ya jambo hili peke yake.

Toleo la 5 lilichukua neno tambiko na kulibadilishia bei. Speli yenye alama ya tambiko unaweza kuitamka kwa muda wake wa kawaida ukiongeza dakika 10, na nafasi hailiwi. Kwa mchawi kuna nyongeza: haimlazimu awe ameiandaa siku hiyo, ilimradi imo kitabuni na kitabu kiko mkononi. Kuhani na druidi lazima wawe wameiandaa. Kwa kanuni za 2014 wahusika wengi wa aina nyingine wanahitaji kipaji maalumu ili wafanye matambiko. Kwa kanuni za 2024 yeyote aliyeandaa speli yenye alama hiyo anaweza. Angalia mnatumia kitabu kipi, msichanganye katikati ya kikao.

Lakini usiishie kwenye tambiko. Badiliko kubwa kuliko hilo limejificha mahali ambapo wachezaji hawalitazami tena. Katika toleo la 5 kuandaa speli na kutumia nafasi ni vitu viwili. Mchawi wa ngazi ya 5 akiandaa Knock mara moja asubuhi, ana nafasi tatu za daraja la 2 na mbili za daraja la 3. Anaweza kufungua vitu vitano, na cha sita akirudishiwa nafasi katika pumziko fupi. Asipokuta mlango, nafasi zile zile zinakwenda kwingine. Ile kamari ya asubuhi imekufa. Pamoja na hiyo, kantripu, yaani speli ndogo zisizokula nafasi, hazina mwisho. Nuru ni ya bure siku nzima, ilhali katika kisa chako mtu alihesabu mienge. Mage Hand, mkono wa kichawi unaobeba hadi ratili 10 umbali wa futi 30, unafungua kila sanduku lenye mtego ambalo halijafungwa kwa ufunguo, huku wote wamesimama mbali. Hayo ndiyo yanayokula kisa cha zamani, zaidi ya matambiko.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: usifute. Rudisha bei. Na katika toleo la 5, bei iliyobaki kwa matambiko mengi ni moja tu, muda. Dakika 10 zisipokuwa na maana mezani kwenu, matambiko ni bure kweli, na kosa halitakuwa la mchawi.

Fanya hivi. Chukua karatasi uchore visanduku sita kwa kila mstari; kila kisanduku ni dakika 10, mstari ni saa. Weka karatasi hiyo mahali wote wanaiona, hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kila tambiko linatia alama kisanduku kimoja. Kupekua chumba kwa makini, kisanduku kimoja. Kila visanduku viwili rusha dadu ya pande sita. Ikitoka 1, kuna kitu kinapita: doria, mnyama, mtumishi aliyepotea njia. Kipimo hiki ni cha vitabu vya msingi vya mwaka 1981, na kinafaa hadi leo. Mwenge unawaka saa moja, mstari mmoja. Dadu irushe mbele yao.

Sasa angalia kinachotokea. Wamekuta chumba chenye pete tatu na maandishi ukutani. Mchawi anataka Detect Magic, speli ya kuhisi uchawi, kwa tambiko: kisanduku kimoja, na speli yenyewe inadumu dakika 10 tu, ikidai umakini wake wote. Identify kwa tambiko ni dakika 11 kwa kila kitu, kwa hiyo pete tatu ni dakika 33. Hesabu visanduku vitatu, usimbane kwa dakika tatu. Comprehend Languages, ile ya kuelewa lugha, kisanduku kingine. Jumla vitano, na kusogea chumba kinachofuata wanakamilisha saa. Umerusha dadu mara tatu. Uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja ni kama asilimia 42. Hapo mchawi ataanza kuuliza wenzake, "Tuzitambue zote au ile yenye rangi ya damu tu?" Ukishasikia swali hilo mezani, ujue bei imerudi.

Kuna watakaosema vitu vya kichawi vinatambulika bila speli, kwa mtu kukaa nacho pumziko fupi. Ni kweli kwa kanuni za 2014, ila pumziko fupi ni saa nzima, mstari mzima wa visanduku. Na laana haionekani kwa njia hiyo wala kwa Identify. Lulu ya sarafu 100 bado inatakiwa, tofauti ni kwamba siku hizi hailiwi. Hakikisha kweli anayo. Nimetaja hili kwa sababu viambato vyenye bei iliyoandikwa haviwezi kubadilishwa na ile fimbo au mfuko wa viambato ambao wachezaji huutumia kwa mengine yote.

Kuhusu maandishi, mchawi wenu pengine anapewa zaidi ya haki yake. Comprehend Languages inataka aguse pale palipoandikwa, inamchukua kama dakika moja kwa ukurasa, na inampa maana ya neno kwa neno. Haifumbui msimbo wa siri, wala haisomi alama za kichawi zisizo lugha. Na haimwezeshi kuzungumza. Mtu akiandika ukutani "fuata nyuki ule asali", speli itampa nyuki na itampa asali. Makusudio atayatafuta mwenyewe. Vitendawili vya kisa chako vibaki vitendawili. Ukivisoma kwa sauti kisha ukaongeza "yaani, inamaanisha…", umeifanyia speli kazi isiyoiweza.

Kibanda sasa, Leomund's Tiny Hut, ambacho ndicho malalamiko yako mazito zaidi. Hapa toleo la 5 kweli limebadilisha kitu, si bei tu. Katika toleo la 3.5 kibanda kilikuwa hema zuri: kilikinga mvua na baridi, walio nje hawakuona ndani, lakini mishale ilipita na adui aliingia kwa miguu yake. Kwenye toleo la 5 (nazungumzia kanuni za 2014) ni kuba ambayo viumbe na vitu vya nje haviingii, wala speli hazipenyi. Inadumu saa 8, saa kamili za pumziko refu. Kwa mwandishi wa kisa cha zamani, kulala ndani ya magofu kulikuwa jambo la kuweka zamu na kuomba kupambazuke.

Usiipige marufuku, isome yote. Kuba haisogei. Ina nusu kipenyo cha futi 10, inabeba mchawi na wengine tisa wa ukubwa wa mtu au wadogo zaidi. Farasi haingii, na ukijaribu kuitamka akiwa ndani ya eneo inashindikana. Mchawi akitoka nje, hata kwa haja ndogo, inakwisha. Dispel Magic, speli ya kufuta uchawi, inaivunja. Kubwa zaidi: adui mwenye akili hana haja ya kuivunja. Ana saa 8. Anaweza kuita wenzake, kuchimba shimo mbele ya njia, kurundika mawe na kuni pande zote, kuhamisha hazina waliyoifuata, au kuondoka na mateka. Fanya hivyo mara moja tu, kwa adui ambaye kweli angefikiria hivyo, nao watachagua pa kuipiga kuba yao. Usifanye kila usiku. Itakuwa unawaadhibu kwa kusoma kitabu. Na kumbuka kanuni inayosahaulika mara nyingi: pumziko refu lina faida mara moja kila saa 24. Walioamka saa mbili asubuhi hawawezi kupigana chumba kimoja kisha wakalala tena saa nne ili mchawi ajaze nafasi.

Ukitaka kuongeza bei ya dhahabu kwa mtindo wa toleo la 4, inawezekana, na cha ajabu inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya toleo la 5, kwa sababu humu dhahabu haina kazi nyingi na hesabu za vita hazikutarajii ununue vifaa. Jaribu sarafu 10 kwa tambiko la daraja la 1, 25 kwa la 2, 50 kwa la 3. Hizi ni namba zangu, si za kitabu. Zipime kwa hazina unayowapa. Usizidai kwa Find Familiar, speli ya kumwita mnyama msaidizi, maana tayari ina uvumba na mitishamba ya sarafu 10 inayoteketea. Ubaya wake ni kwamba utakuwa unamtoza mchawi na kuhani huku mpiganaji hatozwi kitu. Mimi ningeanza na karatasi ya visanduku kwa vikao vitatu kabla ya kugusa pochi ya mtu. Bei ya mwili, ile ya kupoteza siha kwa Identify, iache kwenye makumbusho.

Vikwazo vya kisa chenyewe vipitie mapema ukiwa na penseli. Kwa kila chumba jiulize kantripu gani inakimaliza. Sanduku lisilofungwa kwa ufunguo lenye sindano ya sumu kwenye kifuniko halina maana tena kwa Mage Hand. Lifanye lipige kengele, au mtego uwe kwenye uzito wa kilichomo. Giza lisilo na mwenge halina maana. Lakini nuru ya kantripu inaonekana kutoka mbali, na wakazi wa pango wana macho. Hakuna haja ya kuweka mahali ambapo "uchawi haufanyi kazi". Mbinu hiyo huwaambia wachezaji kwamba msimulizi amechoka kufikiri.

Kuhusu mwenzenu wa simu, hapa maandishi yangu hayafiki mbali. Huenda anachoshwa na Knock ya bure, na akirudishiwa kufuli zake ataweka simu chini. Huenda pia ana jambo jingine: zamu yake haifiki, hampendi mhusika wake, au kuna maneno baina yake na mwenye mchawi ambayo hayajasemwa. Mwite pembeni, ana kwa ana, kabla ya kikao kijacho, umuulize angependa mwizi wake afanye nini ambacho hakijatokea. Kisha kaeni wote, dadu zikiwa bado mfukoni, uwaambie kwamba Knock ilichezwa kimakosa na karatasi ya muda inaanza. Mchawi asikie hilo kama sahihisho la kanuni, asilisikie kama hukumu mbele ya watu. Mkishindwa kuelewana, au ukiona kila uamuzi unageuka ubishi, tafuta msimulizi mzoefu aje akae nanyi kikao kimoja atazame tu. Ataona kwa saa tatu nisichoweza kukiona kwenye barua.

Na mlango wa chuma. Kwa kanuni za toleo la 5, Knock inaondoa kizuizi kimoja kwa kila kuitamka, na kila ikitamkwa hutoa kishindo kinachosikika futi 300, karibu meta 90. Wa kwako una vizuizi vitatu. Kufuli la kichawi, ikiwa ni Arcane Lock, linaongeza 10 kwenye ugumu (namba ya kufikia kwa dadu ya pande 20) wa kufuli la kawaida: la ugumu 15 linakuwa 25. Mwizi wa ngazi ya 5 mwenye wepesi wa +4 na ubingwa wa vifaa vyake anarusha na +10. Kwa ugumu wa 25 anafaulu asilimia 30, kimya kimya. Mpe jaribio moja kwa kila kisanduku cha dakika 10. Mchawi akiipiga Knock kwenye kufuli la kichawi, Knock hailiondoi, inalizima kwa dakika 10, na katika dakika hizo ugumu unarudi 15 na mwizi anafaulu asilimia 80. Kwa komeo vifaa vya mwizi haviwezi kitu, liko upande wa pili. Hapo ni Knock ya pili, kishindo cha pili, nafasi mbili kati ya tatu za daraja la 2 zimekwisha. Waachie waamue wapige vishindo viwili sasa hivi, au wakae gizani na karatasi ya visanduku wakimsubiri mwizi. Wewe shika dadu ya pande sita mkononi, waione.